Muziki, Nafsi na Utulivu Ghorofani: Mwongozo kwa Msikilizaji wa Crescent Town

Utulivu, kwa maana itakayotumika katika mwongozo huu, ni hali ya mtu kuzisikia sauti zinazomzunguka na mawazo yanayopita moyoni mwake bila kuchukuliwa nayo, na hali hiyo hujengwa kwa mazoezi madogo ya kila siku ambayo chombo chake kilicho karibu zaidi, na chenye gharama ndogo, ni muziki. Msomaji anayekusudiwa ni mzungumzaji wa Kiswahili anayeishi Crescent Town, mtaa wa maghorofa marefu mashariki mwa Toronto, ambaye aghalabu hurudi kazini amechoka, hufungulia muziki katika simu kabla hata hajavua koti, huuacha ukilia huku akipika, akijibu ujumbe na kutupia jicho taarifa ya habari, kisha hulala na uchovu ule ule aliorudi nao. Muziki wa namna hiyo haumtulizi kwa sababu haukusikilizwa. Umeongezwa tu juu ya kelele zilizokuwapo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba wimbo mmoja uliosikilizwa mpaka mwisho, ukafuatiwa na kimya, humfaa mtu kuliko jioni nzima ya nyimbo zinazopita, na kwamba katika kuusikiliza huko ndimo mtu huanza kujifahamu.

Mahali penyewe panastahili kujulikana kwanza. Crescent Town ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika ardhi iliyokuwa sehemu ya shamba la Dentonia, mali ya Walter Massey, na jina lake limetokana na shule ya wavulana ya Crescent iliyokuwa hapo kabla ya maghorofa. Baba yake Walter, Hart Massey, tajiri wa viwanda vya zana za kilimo, ndiye aliyejenga Massey Hall, ukumbi wa muziki uliofunguliwa katikati ya jiji mwaka 1894 kwa kumbukumbu ya mwanawe mwingine, Charles. Hivyo ardhi wanayoikanyaga wakazi wa leo na ukumbi mashuhuri wa muziki wa jiji hilo vina asili katika ukoo mmoja, jambo ambalo wakazi wengi hawajapata kuambiwa na ambalo linafaa kuwapa haki ya kujiona wenyeji wa muziki wa mji wao. Siku hizi mtaa umeunganishwa na kituo cha treni cha Victoria Park kwa njia ya miguu iliyoinuliwa na kuezekwa, bondeni hupita kijito cha Taylor-Massey, na ndani ya majengo sauti hazikosekani: milango ya lifti, maji yanayoshuka katika mabomba, mtoto anayekimbia ghorofa ya juu, na pengine, jua likishazama, kinanda cha jirani.

Kinanda cha jirani

Familia nyingi za Crescent Town zimetoka Bangladesh, na kipande cha barabara ya Danforth kilicho karibu kimejaa maduka na migahawa yao. Ala inayotumika sana katika nyumba hizo mtoto anapofundishwa kuimba ni harmoniamu, yaani kinanda kidogo cha kuwekwa sakafuni, ambacho mpigaji hubonyeza vibonye kwa mkono mmoja na kusukuma mvukuto kwa mkono wa pili, ili hewa ipite katika vipande vyembamba vya shaba na kuvitetemesha. Kwa kuwa hewa haikatiki, sauti yake huwa ndefu, ya mfululizo, ikivuma chini ya sauti ya mwimbaji na kupenya ukutani hata pale maneno ya wimbo yasiposikika.

Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa sauti hiyo. Harmoniamu na ngoma za tabla zilikwisha kuingia katika taarabu ya Mombasa zamani, na Juma Bhalo, mwimbaji wa mji huo aliyefariki mwaka 2014, alijulikana mwambao mzima kwa kuyavika mashairi ya Kiswahili, yakiwamo ya Ahmad Nassir, mahadhi yaliyotoka katika filamu za Kihindi. Mahadhi ni ile njia ambayo sauti hupanda na kushuka katika wimbo, tofauti na maneno na tofauti na mapigo. Hata kabla yake, mwaka 1928, Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay ili sauti yake iingizwe katika sahani za santuri, na sahani hizo zikarudi kuuzwa Afrika Mashariki nzima. Siti alizaliwa Fumba katika familia ya hali ya chini, akawahi kuchuuza vyungu, na ilikuwa ni utu uzimani, kwa kupitia sauti yake, ndipo alipojifahamu na kufahamika kuwa ni nani. Kwa hiyo mwenye asili ya Pwani akihisi kwamba kinanda kinacholia upande wa pili wa ukuta kinagusa kitu anachokijua, hakosei, maana sikio lake lilifinyangwa na bahari hiyo hiyo inayozifikia Bombay na Ghuba ya Bengali.

Zoezi la kwanza, basi, linaanza na sauti ambayo msomaji hakuichagua. Sauti ya jirani inapopenya, jambo linalokuja haraka ni kuongeza sauti ya muziki wake mwenyewe ili aifunike, na matokeo yake ni nyimbo mbili zinazogombana na mtu mmoja asiyetulia. Anashauriwa afanye kinyume, azime kila kinacholia katika chumba chake, aketi, na kwa muda wa wimbo mmoja afuate kitu kimoja tu katika sauti inayotoka ukutani, ama mvumo wa chini usiobadilika ama mahadhi yanayozunguka juu yake. Mtu anapopata ndani ya kelele kitu cha kufuata, kelele hiyo hugeuka kuwa muziki, na mwili uliokuwa umekaza mabega huanza kulegea. Inafaa pia ajue kwamba huenda anachokisikia kinahusu jambo lile lile analolitafuta: nyimbo za Wabauli, waimbaji wa kiroho wa Bengali ambao UNESCO iliziingiza nyimbo zao katika orodha yake ya urithi mwaka 2008, humtafuta mtu anayekaa ndani ya moyo wa kila mwanadamu, naye Lalon, mkubwa wa waimbaji hao, aliyefariki mwaka 1890, alikataa katika tungo zake kuwatenga watu kwa tabaka na dini. Kumwuliza jirani ndani ya lifti jina la wimbo aliokuwa akiupiga binti yake ni njia nzuri sana ya kuanza mazungumzo ambayo vinginevyo yasingeanza.

Wimbo mmoja na kimya chake

Zoezi la pili ndilo kiini cha mwongozo huu. Programu nyingi za muziki katika simu huufululiza wimbo unaofuata zenyewe, na zimetengenezwa hivyo ili msikilizaji asiondoke. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kwenda katika mipangilio ya programu na kuuzima ufululizo huo, kisha kuchagua wimbo mmoja wa dakika tano hadi saba, kuilaza simu kifudifudi, na kuketi mahali ambapo mgongo umeegemea kitu. Wimbo ukiisha, msomaji asiinuke. Akae dakika mbili katika kimya, asiseme neno wala kutafuta wimbo mwingine, akiangalia tu pumzi yake inavyoingia na kutoka.

Kimya hicho kina sababu ya kisayansi. Mwaka 2006 watafiti wa Italia wakiongozwa na Luciano Bernardi walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu 24, nusu yao wanamuziki na nusu wasio wanamuziki, waliosikilizishwa muziki wa aina mbalimbali huku pumzi, mapigo ya moyo na msukumo wa damu yao vikipimwa. Ilionekana kwamba kilichoubadili mwili zaidi kilikuwa mwendo wa muziki, yaani kasi ya mapigo yake, kuliko aina ya muziki au mapenzi ya msikilizaji kwa aina hiyo, kwani muziki wa kasi uliziharakisha pumzi na moyo. Lakini utulivu mkubwa kuliko wote ulipatikana katika kituo cha dakika mbili kilichowekwa katikati ya vipande vya muziki, ambapo vipimo vilishuka chini hata ya vile vilivyochukuliwa kabla ya muziki kuanza. Uchunguzi huo ulikuwa mdogo na haufai kubebeshwa zaidi ya unavyoweza, ila unamfundisha msikilizaji jambo la kutenda: muziki humwandaa mtu, na kimya ndicho kinachovuna kilichoandaliwa.

Kuhusu wimbo wa kuchagua, taarabu ya Unguja inatoa mlango mzuri wa kuingilia. Katika mtindo wa zamani unaoendelezwa na vikundi kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, kilichoanzishwa mwaka 1958, mpigaji wa udi, kanuni au fidla huweza kutangulia na taksimu, yaani upigaji wa peke yake usiofungwa na mapigo ya ngoma, ambao kazi yake ni kumwonyesha msikilizaji maqamu ya wimbo, mpangilio wa noti unaoupa wimbo hisia yake maalumu. Taksimu haimharakishi mtu. Hukaa juu ya noti moja, huizunguka, huiacha kidogo na kuirudia, na msikilizaji anayezifuata noti hizo bila kusubiri maneno hujikuta pumzi zake zimerefuka. Rajab Suleiman katika kanuni na Mohamed Issa Matona katika udi na fidla ni wapigaji wa kuanza nao. Aliyekulia bara, akalelewa na gitaa kuliko udi, atapata kitu kinachofanana katika sehemu ya kwanza ya nyimbo za muziki wa dansi, ile ya polepole yenye masimulizi, kabla magitaa hayajaingia katika sebene, sehemu ya mwisho iliyochangamka. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe au za Simba Wanyika zinafaa, mradi kwa zoezi la jioni ichaguliwe ile yenye mwendo wa taratibu. Sebene lenyewe lina siku yake, na asubuhi ya Februari, giza likiwa bado dirishani na theluji imelala katika vizingiti vya baraza, hakuna dawa iliyo bora kuliko hiyo ya kumtoa mtu kitandani.

Saa ya kufanya zoezi ina uzito wake pia. Kwa mtu wa Afrika Mashariki, aliyezoea jua kuzama karibu na saa 12 jioni mwaka mzima, majira ya Toronto huvuruga hesabu ya mwili, kwa kuwa katika siku fupi za Desemba jua huzama kabla ya saa 11 na mwanga wa mchana haudumu hata saa kumi, ilhali mwezi Juni mwanga hudumu zaidi ya saa kumi na tano. Anayengoja giza limwambie kuwa jioni imefika atakuwa amechoka mapema mno wakati wa baridi na amechelewa kulala wakati wa joto. Ni afadhali ajiwekee wimbo ule ule kwa saa ile ile kila siku, kama redio za nyumbani zilivyokuwa zikitanguliza kila kipindi kwa muziki wake, mpaka mwili uzoee kwamba wimbo huo ukisikika kazi ya siku imekwisha, liwe jua lipo au limezama.

Ubeti wa kutunzia

Muziki wa mwambao una desturi ambayo wanafunzi wa nafsi wangepaswa kuithamini zaidi kuliko wanavyofanya. Katika onyesho la taarabu, msikilizaji akiguswa na ubeti fulani huinuka, huenda mbele kwa mwendo wa madaha na kumtunza mwimbaji, yaani kumpa fedha mkononi wimbo ukiendelea, na wote waliokaa hutambua kwamba maneno yale yamemwangukia. Kwa kuwa mashairi yenyewe huwa ya mafumbo, maneno yenye maana ya nje na nyingine ya ndani, mtunzi huweza kusema kuhusu ua, chombo au kisima, kila mmoja akalibeba fumbo kwa shida yake: huyu anasikia habari ya mume, yule anasikia habari ya ndugu aliyemdhulumu. Anayeinuka amejifahamu kabla hajajieleza.

Desturi hiyo inaweza kufanywa peke yake katika chumba cha ghorofa ya kumi na tano. Msomaji anayesikiliza wimbo wa maneno ajiulize ni ubeti gani ungemwinua katika kiti, aurudie ubeti huo mara moja, kisha, kile kimya cha dakika mbili kikishapita, aandike katika daftari jina la wimbo, maneno yaliyomgusa kwa kifupi, na jambo au mtu aliyemjia akilini yaliposikika. Asijilazimishe kufafanua. Baada ya majuma kadhaa ayasome maandishi hayo kwa pamoja, na kwa kawaida ataona kwamba beti zilizotoka katika nyimbo tofauti kabisa zinaelekea upande mmoja: pengine ni majuto ya mazishi aliyoyakosa kwa ajili ya makaratasi ya uhamiaji, pengine ni kiburi cha kazi aliyokuwa nayo kabla hajahama, ambayo vyeti vyake havikukubaliwa huku. Mambo hayo mtu huyafunika kwa shughuli, na shughuli zikipungua hurudi kama wasiwasi usio na jina. Yakishaandikwa hupata jina, na kilicho na jina kinaweza kuzungumzwa na mwenzi, na rafiki au na kiongozi wa dini.

Sauti ya mtu mwenyewe

Kusikiliza peke yake hakutoshi, kwa sababu pumzi hutulia zaidi mtu anapoitoa kwa sauti. Uchunguzi mwingine wa Bernardi na wenzake, uliochapishwa mwaka 2001 na kuwahusu watu wazima 23 wenye afya, ulionyesha kwamba kusali rozari kwa Kilatini, au kurudia maneno ya tafakuri ya yoga, huishusha pumzi hadi kiasi cha mara sita kwa dakika, kiwango ambacho moyo na mishipa ya damu hupatana vizuri zaidi. Kinachotenda kazi hapo ni urefu wa kutoa pumzi, na mwimbaji yeyote wa kaswida au wa kwaya anaujua urefu huo kifuani mwake. Wapo Waislamu wasioziona ala za muziki kuwa halali kwao, na mwongozo huu hauna haja ya kuwabishia, kwa maana kaswida za sauti tupu au za dufu zinawatosha katika mazoezi yote yaliyoelezwa. Usomaji wa Qur'ani nao, ambao Waislamu hawauhesabu kuwa muziki, una adabu zake na uachwe katika nafasi yake. Aliyekulia katika kwaya za Kanisa la Kilutheri au la Kikatoliki achukue sauti aliyokuwa akiiimba, ya tatu au ya nne, na kuiimba peke yake polepole akiosha vyombo, hata kama sauti nyingine hazipo.

Bonde la Taylor Creek, lililo chini ya maghorofa, linafaa kwa zoezi la kutembea. Njia yake hufuata kijito kuelekea magharibi hadi kinapoungana na mto Don, na mwendo wa kawaida wa mtu asiye na haraka ni kama hatua 100 kwa dakika, ambao unakubaliana na nyimbo nyingi za chakacha, ngoma ya harusi ya wanawake wa mwambao, yenye mapigo sita yanayogawika mara mbili au mara tatu, hivyo mguu huweza kufuata mgawanyo mmoja na mkono mwingine. Kwenda, msomaji asikilize muziki. Kurudi, avue hedifoni na kusikiliza maji. Kwa wanaotembea na watoto jambo hili hugeuka kuwa mchezo bila kulazimishwa.

Hedifoni zinahitaji neno moja la tahadhari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80, desibeli ikiwa ni kipimo cha nguvu ya sauti, na sauti ikipanda hadi desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4 tu. Anayetumia spika badala yake akumbuke kwamba sauti za juu huzuiwa na ukuta wa zege, lakini besi husafiri ndani ya zege lenyewe na kutokea kwa jirani wa chini. Kuiinua spika kutoka sakafuni, kuweka kitambaa kinene chini yake na kupunguza besi kunatosha kuokoa ujirani.

Anayetamani kujifunza ala bila kununua anaweza kuanzia maktaba, kwani maktaba za umma za Toronto zilianza mwaka 2016, katika tawi la Parkdale, kuwaazima wenye kadi ala za muziki bila malipo. Gitaa la Afrika Mashariki lina heshima yake nchini Kanada: Adam Solomon, mzaliwa wa Kenya aliyefanya makazi Toronto, alikuwa miongoni mwa wapigaji wa African Guitar Summit, kundi lililopata tuzo ya Juno, tuzo kubwa ya muziki ya Kanada, mwaka 2005.

Mazoezi haya hayaponyi ugonjwa. Huzuni ikidumu zaidi ya majuma mawili, usingizi ukikatika au hamu ya chakula ikitoweka, msomaji amwone daktari. Namba 211 humwelekeza kwa huduma za jamii katika lugha zaidi ya 150, na anayewaza kujidhuru apige 988, inayojibiwa saa zote, mchana na usiku, kwa Kiingereza na Kifaransa.

Limebaki zoezi moja, ambalo halifai kuahirishwa kwa sababu wanaolihusu wana umri mkubwa. Kila ukoo una nyimbo ambazo hazimo katika simu wala santuri yoyote, za kubembelezea watoto, za unyago, za kutwangia au za kuvutia nyavu, na anayezijua aghalabu ni bibi, shangazi au mjomba aliyebaki nyumbani. Msomaji ampigie simu Jumamosi saa 4 asubuhi ya Toronto, ambayo wakati wa baridi ni saa 12 jioni Dar es Salaam na Mombasa na wakati wa joto ni saa 11, amwamkie, ampe nafasi ya kuuliza habari za wote kwanza, kisha amwombe aimbe akiwa amekaa mbali na feni na televisheni, huku kijana aliye naye akirekodi kwa simu ya pili iliyowekwa karibu na mdomo wa mwimbaji. Aulizwe alifunzwa na nani wimbo huo na ulikuwa ukiimbwa wakati gani, na majibu yake yarekodiwe pia bila kukatizwa, hata akirudia rudia. Jina lake, mahali na tarehe viandikwe siku hiyo hiyo, na nakala moja ipewe mtu mwingine wa ukoo aitunze.